Ombi la Kumwondoa Mdogo Wangu kwa Mtaalamu Kabla Hajatuvunjia Ukoo

Makomredi wa Kamati ya Ukoo, walinzi wa jina letu jema, wapambanaji msiochoka dhidi ya majirani wambea,

Nawaandikia kwa unyenyekevu unaompasa mwanafunzi wa chuo kikuu. Tangu mwalimu wa darasa auone mgongo wa mdogo wangu na kumpeleka kituo cha ushauri nasaha kwa watoto waliodhulumiwa, nyumba yetu haina amani. Naunga mkono azimio lenu la kumwachisha matibabu hayo. Hoja zangu ni hizi:

1. Mtoto ameanza kusema. Awali alikuwa mfano wa kuigwa: baba mkubwa akiingia sebuleni, yeye alibana hata pumzi, na wageni walisifu malezi yetu. Sasa anatamka "sitaki" mbele ya watu wazima. Shangazi ameuliza, kwa haki kabisa, "Huyu akibalehe si atatupanda kichwani?"

2. Mtaalamu mwenyewe hana hadhi. Nilitarajia meza, koti jeupe na hotuba. Nilimkuta ameketi sakafuni, akimsubiri mtoto aamue kama leo atachora au atanyamaza. Mtoto akachora nyumba isiyo na mlango. Mtaalamu yule hakumsahihisha. Aliuliza tu nani yumo ndani. Katika taasisi inayojiheshimu, uchochezi wa namna hiyo ungemfukuzisha mtu kazi.

3. Kituo kinadharau juhudi zetu. Tulipoambiwa mtoto asikose kikao, tulimteua mwenye gari ampeleke na kumrudisha. Kwamba mwenye gari ni baba mkubwa, na kwamba waya wa pasi uliomchana mtoto mgongo ulikuwa mkononi mwake, hilo kwetu lilikuwa suala la usafiri tu. Kituo kikalalamika eti siku hizo mtoto hafungui mdomo. Shukrani gani hiyo?

4. Sasa wanataka familia nzima itibiwe. Mama aliulizwa alikuwa wapi mtoto alipokuwa akilia. Akajibu, "Jikoni. Niliongeza sauti ya redio." Jambo tulilolisitiri kwa adabu likamwagwa mbele ya mgeni. Wakimaliza kwa mama watahamia kwa babu, kisha kwa shangazi anayesema "mbona sisi tulichapwa na tumekua", na mwisho watawahoji hata marehemu. Hakuna ukoo unaoweza kuendeshwa ikiwa kila mtu ataulizwa alikuwa wapi.

Kwa hiyo napendekeza mtoto arudishwe, anyamaze, nasi tuendelee kuheshimiwa. Akiharibika, tutakuwa tumeharibu kilicho chetu.

Nisalimieni babu, mashangazi wote, na watoto waliobaki katika nyumba hiyo, hasa wale wasiolia.

Wenu katika mapambano ya kunyamaza,
Mtoto wenu wa chuo

Baada ya sahihi: Yapuuzeni yote ya hapo juu. Nilijitahidi kwa elimu yangu yote kuipa hoja yenu sura ya akili, nikashindwa. Leo asubuhi mama, mdogo wangu nami tumehamia kwa rafiki wa mama wa kazini. Mtoto anaendelea na matibabu, na mama ameanza ya kwake. Kikao kijacho cha familia ni Jumatatu, saa tatu asubuhi, kituoni; aje yeyote aliye tayari kusikiliza bila kujitetea. Baba mkubwa msimngoje. Saa hiyo hiyo ameitwa polisi.