Podikasti Iliyomuua Mzee Matheka

Jumatatu, 1 Septemba

Likizo! Wiki mbili nzima bila kugonga mabati ya watu kazini. Mke wangu Mbinya alidhani nitapaka jikoni rangi. Kopo ameliweka mlangoni, brashi juu yake, nisilikose nikipita. Nimeliruka. Mwaka huu mimi Ndete naanzisha podikasti.

Si wivu. Naandika wazi kwa kuwa hapa hakuna msomaji: si wivu. Ni vile tu Ndolo wa ghorofa ya tatu ana yake, "Gumzo la Ngazini", na kila nikienda kunyolewa nakuta kinyozi ameiweka kwa sauti ya juu. Ndolo! Mtu anayeucheka mzaha wake kabla hajaumaliza!

Kazi imeanza. Nimebandika karatasi kubwa sebuleni. Nimeandika MADA, nikapiga mstari chini yake kwa rula. Mstari umenyooka vizuri sana. Baada ya hapo nimekwama.

Jumanne, 2 Septemba

Siku ya kupanga mada. Nimependekeza siasa. Mbinya amesema siasa nikazungumzie kwa mama yangu. Nimependekeza ushauri wa ndoa. Amecheka hadi akaketi. Nimependekeza mapishi. Ameniuliza, kwa upole kabisa, mwiko tunauweka wapi.

Nimekwenda Eastleigh kwa Wehliye. Tulisoma darasa moja. Sasa anauza spika na vifaa vya simu kule First Avenue. Ameniazima maiki yenye sponji nyekundu na kuahidi kunisaidia kuhariri. Nilimuomba pia ushauri. Amesema, "Tafuta mada, Ndete. Maiki hata mbuzi anaweza kuwa nayo."

Sijapenda mfano huo. Nimechukua maiki.

Jumatano, 3 Septemba

Ndolo ananisikiliza! Dirisha lake liko juu ya letu la jikoni, na leo nilipokuwa nikiwaza kwa sauti nimeona kiwiko chake kikirudi ndani. Mwizi wa mawazo.

Nimemtega. Nimesimama dirishani, simu sikioni, upande wa pili hakuna mtu, nikatangaza kwa nguvu kwamba kipindi changu cha kwanza kitahusu kamba za nguo za juu ya paa. Nani huanika kwenye kamba ya nani! Mada ya kijinga kuliko zote nilizowahi kufikiria. Aichukue. Aaibike.

Nimecheka peke yangu mpaka Mbinya akaja kunigusa paji la uso.

Ijumaa, 5 Septemba

Ameichukua. Hakuaibika.

Jengo zima linasikiliza habari za kamba. Roseline wa ghorofa ya nne amelia hewani juu ya shuka lake la buluu. Mwanamume mmoja, jina limefichwa ingawa sote tunaijua sauti yake, amekiri kuhusu soksi. Jengo la jirani wanadai nao wahojiwe. Mbinya, mke wangu wa ndoa, amesikiliza mara mbili, kisha akasema kumbe Ndolo ana kichwa.

Nimekutana naye ngazini. "Niaje, Ndete! Hiyo ya kamba imeweza, ama?" Nimemwambia sijaisikia. Amenipiga bega kwa furaha. Natafuta mada itakayomfanya Ndolo auze maiki yake.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimepata! Nimepata! Nimepata!

Mbinya huimbisha kwaya ya kina mama kanisani, na leo nilimsindikiza mazishini. Marehemu alisifiwa hadi nikatamani ningemfahamu. Mkarimu, mcheshi, mpenda watu. Ghafla nikaona dhuluma iliyopo: mwenye sifa ndiye pekee asiyezisikia! Nikasema "Dhuluma!" kwa sauti. Waombolezaji wakadhani nadai shamba.

Podikasti yangu itaitwa "Tanzia za Walio Hai". Kila wiki mtu mmoja mzima wa afya atatangaziwa kifo chake, kisha atasifiwa, naye akisikia kila neno. Ndolo hawezi kuwaza hivi hata apewe kichwa cha akiba.

Safari hii sisemi neno karibu na dirisha. Hata Mbinya hajui.

Mgeni wa kwanza: Mzee Matheka wa hapa chini, mchongaji. Amechonga twiga tangu ujana wake kule Wamunyu, na mpaka leo huketi uani akiwachonga, vumbi la mbao limemjaa nyusi. Niliogopa atakasirika nikimwambia. Wapi! Amesema jambo hilo amelifikiria sana, ila hakuna aliyemuuliza.

Jumapili, 7 Septemba

Tumerekodi kwa Mzee, sote wawili chini ya blanketi ili kuzuia mwangwi. Joto la kuokea mkate. Nikaanza kwa sauti nzito: kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha Mzee Matheka, mchongaji hodari wa mtaa wa Umoja. Mzee akanikatiza. Umoja tu? Nikaongeza Nairobi. Akauliza kama Kenya ina wengine. Nikaongeza Afrika Mashariki, akaridhika. Akataka pia isemwe kwamba alifariki akiwa na meno yake yote.

Tulipofika penye huzuni zaidi, mchuuzi mmoja mwenye kipaza sauti akapita nje akinadi dawa ya panya, kunguni na mende. Nikasema turudie. Mzee akakataa, alikuwa tayari analia.

Kisha nikamuuliza angependa kusifiwa na nani. Akatoa kichwa nje ya blanketi, akamchukua twiga mmoja kutoka rafuni, akampangusa.

"Muoki," akasema. "Mdogo wangu. Aliwaambia watu twiga wangu ni punda waliovutwa shingo. Mbele ya mnunuzi, kijana! Tangu siku hiyo hatujasemezana."

"Ungependa asemeje?"

"Aseme ni twiga."

Ikabidi nizime maiki kidogo. Vumbi la mbao liliniingia machoni.

Jumatatu, 8 Septemba, asubuhi

Wehliye amemaliza kuhariri, na ameweka kinanda cha kanisani, ingawa yeye ni mtu wa msikitini. Kazi safi. Nimemtaka akate kionjo kifupi nikisambaze kwenye WhatsApp. Akauliza akate wapi. Nikamwambia palipo na uchungu zaidi: kifo, Afrika Mashariki, kinanda kinapanda, basi. Asiyeelewa atatafuta kipindi kizima!

Wehliye akasema, "Walahi, Ndete, watu watadhani mzee amekufa kweli."

Nikamwambia huko kunaitwa kuvuta wasikilizaji.

Nimekituma kwenye kundi la jengo. Nimekituma kwenye kundi la kwaya. Nimekituma kwenye kundi la watu wa Wamunyu waishio Nairobi, ambalo sijui hata niliingiaje. Sasa nazima simu nilale kidogo. Ubunifu huchosha.

Jumatatu hiyo hiyo, jioni, chooni

Naandikia humu kwa kuwa ndio mlango pekee wenye komeo la kunitosha.

Niliamshwa na nyimbo. Nikachungulia. Uani kulikuwa na viti vya plastiki, sufuria kubwa ya chai, na kwaya nzima ya kina mama mbele ya mlango wa Mzee Matheka. Aliyekuwa akiimbisha, machozi yakimtiririka, ni Mbinya. Alikuwa amefunga kibanda chake cha mapazia kule soko la Muthurwa akaja mbio. Mlango wa Mzee ulikuwa na kufuli, na watu walikubaliana kwamba mwili umeshapelekwa. Waliosikia ile sauti ya nyuma kwenye kionjo walikuwa wakiulizana kwa minong'ono kama aliinywa ile dawa ya panya.

Nikashuka nikiwa na malapa ya rangi tofauti. Nikafungua mdomo kueleza. Roseline akanikumbatia na kuniambia nilie tu.

Hapo ndipo Mzee Matheka alipoingia getini, gogo la mbao begani. Kumbe alikwenda kununua mbao! Akaona watu, akasimama nyuma kwa heshima, akamuuliza aliye karibu nani ametutoka. Akaambiwa ni Mzee Matheka. Akavua kofia. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Kisha nikaona uso wake ukihesabu.

Kelele zilizofuata sitaziandika. Sauti ya kwanza na ya pili zilikimbilia ngazini. Roseline aliniachia akakumbatia nguzo. Mbinya hakukimbia. Alimtazama Mzee, akanitazama mimi, na sijawahi kuona mtu akielewa jambo haraka namna ile.

Kabla hajanifikia, pikapu ikapiga breki nje. Sauti ya mwanamume ikalia kwa Kikamba, ikimwita kaka yake. Muoki! Ametoka Wamunyu!

Mzee akatupa gogo. Akafungua kufuli, akaingia ndani, akavuta pazia, akatoa kichwa na kutuamuru:

"Mtu asimwambie."

Hakuna aliyemwambia. Muoki alianguka kwenye kiti cha plastiki mbele ya lile pazia na kulia kama mtoto. Alisema ana dhambi. Alisema siku ile mnunuzi aliwapenda twiga wa kaka yake akawaacha wake, na wivu ndio uliomsemesha. Alisema hata leo akitaka kuchonga shingo huanza kwa kukumbuka mkono wa Matheka.

"Walikuwa twiga, kaka!" akalia. "Walikuwa twiga!"

Kutoka nyuma ya pazia sauti ikasema:

"Rudia hapo."

Muoki alizirai. Alipomwagiwa maji na kuzinduka, alimkumbatia kaka yake. Wakakumbatiana muda mrefu mpaka kwaya ikaona aibu ikaanza wimbo. Nikadhani yamekwisha. Nikadhani nitashukuriwa! Kisha Muoki akafuta macho, akauliza kwa utulivu ni nani aliyetangaza.

Vidole vyote vya Umoja vikanielekea. Kidole cha Mbinya ndicho kilichonyooka kuliko vyote.

Ndiyo maana niko chooni.

Jumatano, 10 Septemba

Jana niliomba radhi. Kwanza kwa Mzee Matheka, ambaye amesema hajawahi kuwa na siku nzuri kama ile na kuniuliza kama tunaweza kuirudia mwakani. Kisha kwa Muoki, ambaye alinisikiliza akinoa patasi yake. Kisha kwa kwaya. Kina mama walikaa mistari miwili, nikasimama mbele kama mtoto aliyevunja dirisha la kanisa. Mbinya akanitaka nirudie kwa sauti. Nikarudia. Akasema waliokaa nyuma hawajasikia.

Sukari, majani ya chai na mikate iliyoletwa kwa msiba ilizua mjadala. Mwenyekiti wa jengo alitaka kila mtu arudishiwe chake. Mzee alikataa katakata. Amesema marehemu ni yeye, rambirambi ni zake.

Kipindi changu kizima kimesikilizwa na Wehliye, na mimi. Lakini kuna habari mbaya zaidi. Ndolo alikuwa ngazini muda wote na maiki yake! Karekodi nyimbo, makelele, twiga, kuzirai, yote. Kipindi hicho amekiita "Pazia". Nimepita kwa kinyozi, nikakuta watu wamejaa na hakuna anayenyolewa. Ilipofika "Rudia hapo", wanaume wazima walifuta macho kwa taulo za duka.

Mimi pia. Lakini taulo yangu ilikuwa na sabuni.

Ijumaa, 12 Septemba

Muoki hajarudi Wamunyu. Amehamishia patasi zake uani kwa kaka yake, wanachonga magoti yakigusana. Leo nilipita nikawakuta wakibishana vikali kuhusu masikio ya twiga. Nikaingiwa na hofu. Mzee akaniona, akaniita.

"Usijali, kijana. Unasikia? Ananisemesha."

Akanipa twiga mdogo. Muoki akamtazama yule twiga, akafungua mdomo, Mzee akamtazama Muoki, Muoki akafunga mdomo.

Nimempelekea Mbinya. Amemweka juu ya televisheni, akasema amependeza, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ameniita Baba Koki, kwa jina la mtoto wetu, badala ya "wewe". Kisha amesema ana ombi moja tu: nimwachie Mungu kazi ya kutangaza vifo.

Nimekubali. Nimeapa. Kwa moyo wangu wote.

Jumapili, 14 Septemba

Usingizi haukuja kirahisi, lakini niliutumia muda huo kufikiri, na sasa nimeona kosa liko wapi. Kosa ni kifo! Kifo kinahuzunisha watu. Mbinya alisema kweli kabisa, nami nitatii: sitangazi kifo cha mtu yeyote tena.

Nitatangaza harusi.

"Hongera za Mapema"! Kwa nini kapera asubiri miaka ndipo apongezwe? Apongezwe sasa! Nimeng'oa karatasi ya zamani ukutani na kubandika mpya. Mstari umenyooka kuliko ule wa kwanza. Na mgeni wa kwanza nimeshampata, kapera sugu wa ghorofa ya tatu, mwenye maiki yake mwenyewe. Jina lake ni kubwa, kwa hiyo tangazo litasambaa lenyewe. Nimetunga kila kitu: tarehe, ukumbi, rangi za mavazi, na mwaliko mchangamfu kwa ukoo wake wote.

Wehliye ameshaweka vigelegele. Ameniuliza bibi harusi ni nani. Nimemwambia hayo ni mambo madogo, na kwamba Roseline anaelekea kuipenda rangi ya zambarau.