Video ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeng'oa ule mfumo endeshi wa kulipia kwenye kompyuta ya nyumbani, nikaweka mfumo huria. Bure kabisa! Hauna bwana! Mke wangu akauliza kama video zitacheza. Nikamwambia zitacheza mpaka zichoke. Jumamosi ukoo mzima unakuja kutazama video ya marehemu baba yake akihutubia harusi yetu. Mama mkwe hajaisikia sauti ile miaka sita. Shemeji alitaka tutazamie kwake. Nikakataa katakata. Ana kompyuta ya bei mbaya, na mdomo mbaya zaidi.

Jumanne, 4 Machi
Nimejaribu video. Giza tupu! Kompyuta inadai kijiprogramu cha kuchezeshea video cha kampuni fulani, chenye kufuli la leseni. Kwa mfumo wangu hawajakitengeneza. Nimewalilia wenzangu wa programu huria mtandaoni. Mmoja akajibu kwamba kijiprogramu hicho ni utumwa. Nikamwandikia kwamba mama mkwe ni mama mkwe.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekipakua kile kijiprogramu kwenye tovuti isiyoeleweka, baada ya kufunga matangazo kumi na manne ya dawa ya upara. Picha hiyo! Baba mkwe anainua kidole, anacheka, meno yote nje. Sauti hakuna hata chembe. Mke wangu akasimama mlangoni akimtazama baba yake bubu, kisha akaenda zake jikoni. Bora angenitukana.

Jumamosi, 8 Machi
Wageni kumi na tisa. Video ikaganda, baba mkwe kafumba jicho moja. Nikajitosa kuisema hotuba mwenyewe, kwa sauti nzito. Mama mkwe akainua mkono.
"Mwanangu, nyamaza. Huyo siye."
Shemeji akainuka. Akachomoa flashi yenye video, wote wakamfuata kwake. Nimebaki na viti. Mke wangu karudi macho mekundu. Anasema sauti ilisikika vizuri mno, na mimi nilitajwa. Baba aliwaomba wanivumilie.

Jumapili, 9 Machi
Nimelia kidogo bafuni. Halafu nikawaza: kosa si mfumo, ni toleo la zamani! Jipya limetoka asubuhi hii, na la simu pia. Mama mkwe kasahau simu yake hapa, ile yenye picha zote za marehemu. Sikuona haja ya kumsumbua kwa maswali. Naiwekea mfumo mpya: asilimia arobaini na mbili. Kioo kimekuwa cheusi. Nadhani ni kawaida.