Mzee wa Mchezo Amekufa

Jumatatu, 3 Novemba 2014

Mama Susan, mwenye nyumba wetu hapa Atlabara, Juba, ametangaza. Baraza la mbele atampa mpangaji mmoja, Jumatatu ijayo. Ni mimi au Opio. Opio anachaji simu za watu kwa jenereta na anataka kuweka televisheni aonyeshe mpira. Mimi nauza chai kando ya barabara, juani, Jonah mgongoni. Mtoto ana vipele vya joto mpaka nyuma ya masikio. Baraza lina kivuli kutwa. Nakiwaza kile kivuli kama msichana anavyomwaza mchumba.

Sharti: atalipata anayeleta watu wa kukaa kwa adabu. Hataki walevi, hataki makelele. Opio akacheka, akasema chai ya Mama Jonah haijawahi kumkalisha mtu, inamkimbiza. Mjinga huyo.

Ila mimi nina silaha! Mzungu wa chumba cha nyuma alikimbia Desemba, vita vilipoanza, akaacha boksi. Ndani mna kitabu kinene na dadu za ajabu, moja ina pande ishirini, kama nanasi changa. Ni mchezo wa mezani. Mmoja anasimulia, wengine wanajifanya watu wa ndani ya hadithi, na dadu inaamua kama wamefaulu. Kitabu kinasema mchezo mmoja unaweza kumaliza mchana mzima. Mchana mzima! Watu wamekaa! Wanakunywa chai!

Jumanne, 4 Novemba

Nimesoma sura ya wachezaji wageni. Kiingereza changu kiliishia darasa la sita huko Busia, kwa hiyo tunakwenda polepole, mimi na kitabu. Kinasema mgeni asipewe sheria nyingi. Apewe hali. Aone, asikie, anuse, mpaka asahau yuko wapi.

Pia kinasema utumie vitu anavyovijua. Hapa nimekiboresha kitabu. Chenyewe kinaanza na mfalme aliyekufa na upanga wake ulioibwa. Nani Juba amewahi kuishi na mfalme? Nimeandika Mzee. Mzee amekufa, mkuki wake umeibwa na jitu, wanawe waende wakautafute. Kila mtu hapa ana Mzee.

Mume wangu Cyril anaendesha gari la maji. Nikamsomea mwanzo wote. Alilala. Lakini alilala kwa amani.

Jumatano, 5 Novemba

Jaribio la kwanza. Wachezaji watatu. Igga wa bodaboda. Lilly msusi, aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Gai, anayesoma sheria chuo kikuu na anabishana hata na salamu.

Hali ya leo ilikuwa mvua ya msituni. Nikatikisa maharage kwenye sinia ili waisikie. Igga akauliza yanaiva lini. Nikamwambia hiyo ni mvua. Akasema sawa, Mama Jonah, lakini mvua hiyo inaiva lini? Gai akataka kujua mkuki ni mali ya ukoo au ya mtoto wa kwanza. Opio akafungulia redio mpaka mwisho. Lilly akasema, aki sisi hatuko msituni, tuko kwa Opio.

Kalas, basi. Mchezo ukafa kabla chai haijachemka.

Ijumaa, 7 Novemba

Nitaanza na mazuri.

Mama Susan alikwenda soko la Konyo Konyo mapema. Nikazungushia baraza mablanketi, likawa giza mchana kweupe. Nikatandika mikeka. Nikawasha mishumaa na kutia ubani kwenye sigiri. Nikawaambia wavue viatu. Sauti yangu nikaishusha chini. Hata Gai alinyamaza!

Lilly nilimfanya binti wa Mzee. Nilimwomba apige ukunga mmoja tu, ili wenzake wahisi. Kumbe Kakuma alikuwa kwenye kikundi cha maigizo cha kanisa. Akajitupa chini: Mzee amekufa! Mzee ametuacha! Kuku wa jirani walikimbia. Igga akafuta machozi, ya kweli kabisa, akasema amemkumbuka mjomba wake.

Mara mama mmoja wa mtaa akainua blanketi, akavua viatu, akakaa mkekani kimya. Nikafikiri, mchezaji mpya! Nikampa dadu. Akaishika kwa mikono miwili. Akaja mwingine na kilo ya sukari. Wakaja wanaume na viti vya plastiki kutoka kanisani. Baraza likajaa! Watu wa kukaa! Wana adabu hata hawakohoi! Kwenye uwazi wa blanketi nikamwona Opio anazima jenereta yake. Nikajua nimeshinda.

Nikaendelea. Nikauliza nani ataufuata mkuki wa Mzee. Mwanaume mmoja mwenye mvi akasimama, akasema mambo ya urithi hayazungumzwi kabla ya maziko. Gai akasema hoja hiyo ni nzito, atupe dadu. Akatupa. Ishirini!

Wakaanza wimbo wa kanisa. Ndipo Mama Susan akarudi na kikapu chake.

Akaona viatu mlangoni. Akaona mishumaa. Mumewe, Mzee Lagu, yuko Arua, Uganda, kutibiwa macho. Kikapu kikaanguka, na yeye akaanguka. Nyanya zikabiringika mpaka barabarani.

Ndipo nikaelewa. Hapa wanaita bika. Kwetu ni matanga. Hakuna aliyeuliza Mzee yupi, wala amekufaje. Tangu Desemba watu hawaulizi tena. Wakisikia ukunga wanachukua sukari, wanakuja kukaa.

Nikapaza sauti kwamba ni mchezo. Wanawake wakanishika mikono, wakasema pole, huzuni inasemesha mtu mengi. Nikasema tumpigie Mzee Lagu simu! Ya Mama Susan imekwisha chaji. Zote za mtaa zimekwisha chaji, zilikuwa kwa Opio, na Opio amezima jenereta kwa heshima ya marehemu. Mpaka Igga akakimbiza pikipiki, akamleta mtu mwenye simu hai.

Mzee Lagu alipokea. Alikuwa anakula samaki. Akaambiwa amekufa. Akauliza nani wamekuja.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilikwenda kupiga magoti mlangoni kwa Mama Susan. Jonah mikononi. Macho ya Mama Susan yamevimba. Alimchukua mtoto, akampaka mafuta kwenye vipele, taratibu, kimoja kimoja.

Baadaye akasema kitu. Akasema kinachomuuma si kuanguka. Kinachomuuma ni kwamba hakushangaa. Alianguka kama mtu aliyekuwa anangoja.

Nikamchotea maji, nikafua kanga yake iliyoingia vumbi.

Sukari imebaki. Wamama wamekataa kuirudisha nyumbani. Wanasema sukari ya bika haigeuki njiani.

Jumatatu, 10 Novemba

Siku ya hukumu. Opio alivaa shati la kola. Akamwambia Mama Susan kwamba mpira haujawahi kumuua mume wa mtu. Mama Susan akakubali, akasema baraza ni la Opio.

Simu ya Mama Susan ikalia. Mzee Lagu, Arua. Amelala siku tatu akihesabu waliokuja kumlilia. Je, watu wa kanisa la Gurei walifika? Walifika. Walileta nini? Viti. Na Duku, rafiki yake wa tangu ukimbizini, alikaa mkekani? Mama Susan akasema Duku alipita na baiskeli, akasalimia akiwa juu yake. Mzee akashukuru. Amesema ni watu wachache wanaopata kujua jambo kama hilo na bado wana muda wa kulifanyia kazi. Akasema mwanamke anayeweza kujaza baraza bila maiti asiachwe juani.

Mama Susan akaligawa. Opio upande wa barabarani, mimi upande wa ukutani, wenye kivuli. Akaninyooshea kidole: Mama Jonah, hakuna kilio, hakuna mishumaa, hakuna mtu kufa. Nikaapa kwa jina la mwanangu.

Jumanne, 11 Novemba

Jonah amelala kivulini mchana wote, ngumi zimefunguka. Vipele vinakauka. Nilisahau hata kuuza.

Mchana wakaja watu sita wakiuliza lini tena. Sita! Mwenye mvi anataka kujua kama ile ishirini yake bado inahesabika. Mama Susan mwenyewe ameuliza, kwa kuzunguka, kama mkuki ulipatikana.

Kwa hiyo Ijumaa tunacheza. Nami nimejifunza. Kosa lilikuwa kifo. Hadithi hii mpya haina maiti, haina mshumaa, haina kilio. Ni ghala la Mzee tu linaungua. Igga ataleta matairi mawili makuukuu kwa ajili ya moshi, maana kitabu kinasema mgeni lazima anuse. Na Lilly nimemkataza kabisa asilie. Yeye atakimbia tu mpaka sokoni akiita, "Moto! Moto!"