Mgongo Wangu na Asilimia Thelathini

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepewa daftari. La kijani, linanuka ghala. Kapteni Hollis, mwanasheria niliyepewa na jeshi, amesema niandike humu kila siku mgongo unauma wapi na umenizuia kufanya nini. Basi, hakuna kingine. Nikamjibu ndiyo, Kapteni. Miaka kumi na moja nafunga matairi ya malori, nikaanguka kutoka juu ya lori na tairi likanifuata, halafu silaha yangu ni daftari!

Mambo ni haya. Jeshi linaniachisha kazi kwa sababu ya mgongo. Wakinikadiria ulemavu wa asilimia thelathini kwenda juu, tunabaki na bima ya hospitali, mimi, mke wangu Marisela na mapacha walio tumboni mwake. Chini ya hapo, asante na kwaheri. Mapacha ni wa Novemba, na daktari ameshasema watazaliwa kwa upasuaji. Naogopa. Nimeliandika hilo mara moja, sitaliandika tena.

Nimekwenda kwa jirani, Sajini Pruitt, aliyepata asilimia sabini kwa goti moja. Sabini! Goti lenyewe nimeliona likipanda ngazi kutundika bendera. Amesema ukweli haulipi, kinacholipa ni kuchechemea. Atanifundisha, mradi nimkatie majani ya uwanja wake. Nimekubali haraka kabla hajabadili mawazo.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekata majani ya Pruitt. Mgongo ukawaka moto. Nimelala chali kwenye saruji ya gereji yake dakika ishirini, siwezi hata kugeuka. Akanisogeza kwa ncha ya kiatu akisema nachelewesha somo.

Somo: hatua fupi, pumzi ndefu, uso wa mtu aliyemeza limau. Nimefanya mazoezi dukani. Kwenye maziwa nilichechemea mguu wa kushoto, nilipofika kwenye mayai ukawa wa kulia. Marisela akaniuliza, "Baba Mapacha, kwani unaumwa mguu gani?" Nikamwambia mgongo. Akasukuma toroli akaenda zake kama hatujuani.

Asubuhi yeye ndiye aliyenivisha soksi, kama kila siku tangu Machi. Mwanamke ambaye vidole vyake mwenyewe havioni kwa tumbo! Amenivisha kwa kupapasa, moja nyeusi, moja ya kijani. Sijui kwa nini naandika hili. Halimo kwenye mpango.

Alhamisi, 7 Agosti

Balaa! Leo ndiyo nimepimwa.

Nilikaa chumba cha daktari nimejikunja vizuri kabisa, uso wa limau, fimbo niliyoazimwa na Pruitt mkononi. Mlango ukafunguliwa, akaingia Dokta Vandersloot. Kwenye koti lake jeupe, beji ndogo: kanali mstaafu. Kabla akili haijafika, miguu ilishafika. Mguu sawa! Nikasimama wima, fimbo ikaruka chini ya kitanda. Akaniuliza hali. Nikajibu kwa sauti ya gwaride kwamba niko safi kabisa, mkuu!

Akasema niiname mbele, nikome pale maumivu yatakapoanza. Baada ya "inama" sikusikia kitu. Kanali akikwambia inama, unainama. Nimegusa vidole vya miguu! Akapima pembe kwa chuma chake, akaandika, akanishukuru, akatoka.

Yeye alitoka. Mimi nilibaki nimeinama. Nimetembea mpaka kwenye gari nikitazama viatu vyangu, dakika arobaini, bibi mmoja amenishika mkanda akinigeuza kila nilipokaribia nguzo. Akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia asilimia.

Jumatatu, 18 Agosti

Barua imefika. Asilimia kumi! Imeandikwa kwamba mhusika ni mkakamavu. Pruitt amecheka mpaka akarukaruka, kwa goti lile lile la sabini.

Marisela hakucheka. Ameisoma barua mara mbili, akaikunja, akaketi pembeni ya kitanda cha watoto ambacho sijamaliza kukifunga kwa sababu siwezi kuinama. Akasema, "Royce, mimi sihitaji shujaa. Nahitaji pa kuzalia." Nimekata rufaa. Tena nina mpango mpya.

Jumanne, 26 Agosti

Mpango mpya: kola ya shingo. Nimeinunua kwa mtu anayehama, karibu mpya, ina alama ya rangi ya midomo tu. Ndiyo, ninachoumwa ni mgongo, lakini shingo inaonekana zaidi.

Kapteni Hollis ameniona mlangoni mwa ofisi yake akauliza shingo imekuwaje. Nikasema haijawa kitu, ni pambo. Akaifungua kwa mikono yake, akaitia kwenye pipa la taka. Akasema, "Sajini, wewe unaumwa kweli. Sasa unaigiza nini?"

Swali gumu. Nimemjibu kwamba jeshini ukisema unaumwa unaitwa mvivu, ila kuigiza angalau ni kazi. Kisha akauliza kama naandika daftari. Nikasema kila siku, Kapteni. Akafurahi sana. Masikini, hajui yaliyomo.

Kwa kikao cha rufaa nimeamua: swali la pili nazimia. Naangukia kushoto, kuna zulia.

Alhamisi, 4 Septemba

Naandika nyuma ya bahasha. Daftari limebaki kwa bodi ya rufaa.

Walikuwa watatu mezani, mwenyekiti ni Kanali Abernathy, mama mwenye sauti ya taratibu inayotisha. Nilikuwa tayari kuzimia. Lakini kabla ya swali la kwanza Kapteni Hollis akasema, "Sajini, toa daftari." Mkono ukatii. Ndiyo, Kapteni! Likawa mezani kabla sijakumbuka yaliyomo.

Kanali akalisoma, tena kwa sauti. Limau. Toroli. Kola. Mpango wa kuzimia pamoja na upande wa kuangukia! Mjumbe mmoja alivua miwani akajifuta macho. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na fimbo ya Pruitt.

Kisha akarudi nyuma, kwenye soksi. Kicheko kikakatika. Akasoma saruji ya gereji, akasoma safari ya kwenda kwenye gari, akasoma kitanda cha watoto. Safari hii kimya kimya. Akaagiza aitwe daktari mwingine aje na chuma cha kupimia.

Akasema, "Sajini Tillery, hii ni amri. Utainama, na panapoanza kuuma, utakoma hapo hapo."

Amri ni amri. Nikainama, nikakoma. Digrii ishirini na sita tu, na mtu mzima wa mgongo hufika tisini! Nilidhani daktari atacheka. Miaka yote ile hakuna mkubwa aliyewahi kuniamuru nikome. Nimelia kidogo, huku nalitazama lile zulia nililopanga kuliangukia.

Ijumaa, 12 Septemba

Asilimia arobaini! Bima ipo, hospitali ipo, Marisela amelia na kuimba kwa pamoja. Amenivisha soksi mbili za rangi moja, kwa heshima ya siku.

Kapteni Hollis amepiga simu. Amesema kilichotuokoa ni daftari, na kwamba ukweli ulitosha tangu siku ya kwanza. Nimemjibu ndiyo, Kapteni. Mtu mwema, ila mambo haya hayajui. Ni mchechemeo! Niliingia kwenye kikao na mguu wa kulia nikatoka na wa kushoto. Bodi ilichanganyikiwa kabisa.

Arobaini si haba. Lakini Pruitt ana sabini, na leo amenipungia mkono kutoka juu ya ngazi yake kwa dharau isiyovumilika. Jumatatu alfajiri nakwenda kuangalia kama pipa la Kapteni limeshamwagwa. Kola ile ilikuwa karibu mpya.