Ng'ombe Niliyewaficha Wafadhili

Jumatatu, 11 Novemba 1991

Wilkista, wewe mtoto, ulikuwa wapi? Pasaka ilipita. Mahindi tumepanda, tumepalilia, tumevuna, wewe huko Nairobi tu, kama kukhu wako, mimi nyanya yako, alikufa zamani. Basi utasoma hapa ukikuja, maana sina nguvu ya kusimulia mara mbili. Darasa la ngumbaru lilinifundisha kuandika. Kuandika kwa hasira nimejifundisha mwenyewe.

Habari ni hii. Mradi wa ng'ombe umefika Misikhu! Nchi moja ya baridi inagawa ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, kwa akina mama. Gachanja, karani wao wa Kitale, alisema kwa baraza ati maskini kabisa ndiye wa kwanza. Nikamtazama jirani yangu Nasambu. Naye akanitazama. Vita ikaanza hapo hapo.

Mimi nataka chai nyeupe. Hiyo tu. Huyu ng'ombe wangu, ambaye Kimaiyo alileta kama mahari ya shangazi yako Nekoye, anatoa kikombe kimoja, tena akiwa amenuna. Nimekunywa strungi bila maziwa mpaka tumbo imekuwa nyeusi ndani.

Shida moja. Ukiwa na ng'ombe, wewe si maskini kabisa.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimemtoa! Kumficha hapa haiwezekani, Nasambu anajua kila mkia wa kijiji hiki. Nimempandisha lori lililokuwa linaenda kuchukua mahindi, mpaka Kachibora, kwa Kimaiyo mwenyewe. Mkwe mzuri, ana nyasi. Nimetuma neno na dereva: mtunzie mama huyu ng'ombe, wageni wakienda nitamwita. Ningempeleka mwenyewe, lakini mama mkwe hakanyagi boma la mkwe.

Vikombe vya maua nimezika kwa gunia la mahindi. Nimevaa nguo ya kulimia. Akili kama hii, na bado nakaa Misikhu!

Jumatano, 20 Novemba

Wamekuja. Mama mzungu, mrefu, buti safi. Gachanja na faili. Nikakohoa vizuri. Mzungu akatazama zizi tupu, akaandika. Nikaona ng'ombe wa gredi akitembea nyuma ya hiyo kalamu.

Halafu Gachanja akasema pole mama. Ati huko kwao mpango wa misaada umebadilishwa. Mwaka jana walipea wale hawana kitu, ng'ombe wakafa kwa kukosa nyasi na dawa, na wabunge wao wakapiga kelele. Sasa wanapea mtu ambaye tayari ana ng'ombe na anajua kumtunza.

Nikaruka. Nikasema ninaye! Akauliza yuko wapi. Nikasema Kachibora. Akauliza anafanya nini Kachibora. Nikasema ametembelea jamaa. Gachanja akamtafsiria mzungu, wakacheka mpaka kwa gari.

Nasambu ameandikwa. Yule wake wa pembe moja, mbavu unaziona ukiwa barabarani! Jioni akanipigia kelele juu ya ua, ati mwenzangu, ng'ombe akirudi matembezi mpe salamu zangu.

Jumamosi, 23 Novemba

Nekoye amefika. Na watoto. Na sanduku.

Nikamuuliza kuna nini. Akaniuliza mimi kuna nini! Ati babake Kimaiyo aliona ng'ombe wa mahari akiingia kwa lango lile alitokea, akaita wazee. Mahari ikirudi, bibi anarudi. Kwao ni hivyo, kwetu pia ni hivyo, na mimi mzee mzima sikufikiria. Kimaiyo akajaribu kueleza ati mama anaficha tu. Mzee akauliza anaficha nani, wezi? Kimaiyo akasema hapana, wageni wanaoleta ng'ombe. Mzee akasema hata mwendawazimu hamfichi ng'ombe mtu anayeleta ng'ombe.

Nekoye halii. Ameketi jikoni na strungi, hanitazami. Mtoto wake mdogo anaitisha maziwa ya kwao. Huyu Nekoye nilimkimbiza hospitali ya Lugulu mgongoni akiwa na surua, kwa mvua. Sasa nimemwachisha bwana kwa sababu ya chai.

Jumatano, 27 Novemba

Redio ya dukani imesema nchi za misaada zimefunga mkono mpaka serikali yetu ijirekebishe. Gachanja amepita na pikipiki, hata hakuizima. Hakuna ng'ombe wa mtu yeyote.

Nasambu alikuwa ameng'oa maharagwe yake yote apande nyasi ya napia, kwa sababu mradi ulitaka hivyo. Makosa yafanywe Nairobi, maharagwe yafe Misikhu! Na wale wakubwa wenye makosa, leo wamekunywa chai gani? Nyeupe!

Nilienda kwa ua kumcheka. Nikamkuta amekaa chini kwa hiyo nyasi. Nikampelekea maharagwe yangu, nikamwambia asinishukuru, mdomo wake unanichosha.

Jumapili, 1 Desemba

Kimaiyo amekuja na babake na ng'ombe. Mimi nikakaa nyuma ya migomba, simsalimii mkwe. Wazee wakaongea, nikatozwa kondoo, mzee akacheka kidogo, Nekoye akakubali. Kesho wanarudi Kachibora. Ng'ombe amenona. Kikombe ni kile kimoja.

Lakini sikia! Nasambu amenong'ona kanisani. Kuna wafadhili wengine, wa nchi nyingine, hao hawapitii kwa serikali, wanapitia kwa makanisa. Wanakuja baada ya Krismasi. Wanatoa mbuzi wa maziwa! Kwa nyanya wasio na mtu. Asiye na mtoto wala mjukuu, huyo ndiye wa kwanza.

Nekoye nimemwambia asije Krismasi. Amenitazama kama mzee wa Kachibora. Picha yako nimeshaitoa ukutani.

Ukurasa huu naurarua nikutumie Nairobi. Na wewe, usikawie tena, mtoto wa mwanangu, moyo wangu unauma. Lakini ukikuja pitia nyuma, kwa migomba, viatu mkononi. Ukikuta gari nyeupe hapa, usiniite kukhu. Sema unauza sabuni, halafu pita.