Malalamiko Kuhusu Sifuri ya Uadilifu

Kwa Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo,

Pokea salamu zangu. Natumaini u mzima kama mimi, ila mimi nina hasira. Mimi ni fundi cherehani, na ni mjomba wa mwanafunzi wako mmoja wa masomo ya mtandaoni. Somo lenyewe ni lile la lazima, "Dhamira na Maadili ya Chuo Chetu". Mpwa wangu anapenda usingizi, kwa hiyo nimelisoma mimi muhula mzima, kwa jina lake, simu nikiwa nimeiegemeza kwenye cherehani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mhadhiri wenu anafundisha vizuri kupita kiasi. Wiki ya Uwazi nilimwambia mteja kwamba suruali yake haijaisha kwa sababu sijaianza. Mafundi wenzangu wamenuna. Tangu enzi na enzi sisi husema vimebaki vifungo tu.

2. Wiki ya Uwajibikaji nilikiri kwamba gauni la bibi harusi lilibana kwa kosa la mkasi wangu, wala si yeye aliyenenepa. Tangu hapo barazani kwangu hata nzi hatui.

3. Hili ndilo lililonichoma. Mtihani wa Uadilifu, swali la mwisho, uliuliza: je, kazi hii umeifanya mwenyewe? Kwa jinsi mlivyonifunda, nikaandika: hapana, mimi ni mjomba wake. Mkampa sifuri! Wenzake waliojibu ndiyo wamefaulu wote, akiwemo mmoja ambaye najua kabisa alifanyiwa na shangazi yake. Sasa Mheshimiwa, kati yetu ni nani aliyefikiwa na maadili ya chuo?

4. Nyumba tunayokaa ni ya dada yangu, mama wa kijana. Ameapa mwanawe akifeli tutatoka wote wawili, na cherehani juu. Naogopa, sifichi. Kwa umri huu nikalale wapi?

Naomba basi sifuri ifutwe, mpwa wangu apewe alama zangu zote, na mhadhiri aonywe apunguze bidii.

Nisalimie wahadhiri, wasajili, na walinzi wa getini ambao mpwa wangu hajawahi kuwaona.

Wako katika Uadilifu,
Fundi, Mjomba wa Mwanafunzi

N.B. Sasa hivi umeingia ujumbe kwamba kijana anatakiwa mbele ya kamati ya nidhamu, kwa video, Jumatatu asubuhi. Kamati isiwe na wasiwasi, atahudhuria bila kukosa. Nimeshanyoa ndevu na kuazima fulana yake.