Kondoo Thelathini na Saba kwa Njia ya Kukhu

Krrrrr. Hiyo ni sauti ya geti ya mabati ikiburutwa juu ya kokoto. Sitaisahau, kwa sababu wakati ilikuwa inafunguka mimi nilikuwa nimelala chali katikati ya kazi yangu mwenyewe, nikirambwa uso.

Marafiki, leo nimeaibika mchana kweupe, hapa hapa Kitengela. Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa. (Kuna jirani wa ghorofa ya tatu alikuwa ameshika simu. Mkiona video, jueni tayari nimeungama.)

Mnajua mimi ni fundi wa bustani. Sawa, nimekuwa fundi wa bustani tangu mwezi uliopita. Kabla ya hapo nilikuwa nabeba kokoto kwa mijengo ya watu. Shule niliachia kidato cha pili, lakini kupima usawa kwa mpira wa maji najua vizuri sana, na wilibaro yangu nimeshaiandika jina la kampuni kwa rangi ya kijani. Kampuni iko na mfanyakazi mmoja. Huyo mfanyakazi ndiye mkurugenzi.

Kazi yangu ya kwanza ya peke yangu nilipewa na Mama Ayub, mwalimu mmoja mpole ambaye amejenga huku kwetu. Alitaka njia kutoka getini, izunguke nyumba, ifike upande wa nyuma, na huko nyuma kuwe na baraza ya kuota jua. Si ya urembo. Ni ya mama yake.

Mama yake anatumia kiti cha magurudumu. Sote tunamwita Kukhu, ndiyo kusema nyanya huko kwao Webuye. Amekuwa akikaa kwa kijana wake kule Kimuka, na nyumba ya Kimuka iko na ngazi mbele na ngazi nyuma, kwa hivyo kila akitaka kutoka nje lazima watu wawili wambebe. Akachoka. Alisema yeye si gunia la mahindi. Akakubali kuja Kitengela kwa masharti: mizigo itabaki kwa gari mpaka afike kwa jua kwa mikono yake mwenyewe. Akishindwa, gari ligeuzwe, apelekwe Webuye akakae peke yake kwa ile nyumba ya zamani. Mama Ayub aliponiambia hayo macho yake yalikuwa na maji, na mimi nikilia na yeye (mimi hulia hata nikiona punda amebebeshwa sana), nikamwahidi: Jumamosi saa tisa, msingi utakuwa tayari. Kabro, vile vitofali vya njia, tutapanga wiki ijayo, lakini magurudumu yatapita.

Leo ni Jumamosi.

Wenye mnakaa huku mnajua udongo wetu mweusi. Mvua ikinyesha unavimba kama mandazi, jua likiwaka unapasuka nyufa za kumeza simu. Ukipanga kabro juu yake, baada ya msimu mmoja zinacheza kama meno ya mtoto. Kwa hivyo nilichimba huo udongo wote nikautoa, nikajaza murram, ule udongo mgumu wa barabara, tabaka kwa tabaka, nikafunga uzi kwa vigingi, nikapima na mpira wa maji, nikainamisha kidogo tu upande wa ua ndio maji ya mvua yasiingie nyumbani. Mpaka hapo, mkinipa cheti nitapokea.

Tabaka la juu peke yake ndilo lilikuwa limebaki kushindiliwa. Asubuhi mwenye kompakta, mashine ya kushindilia, akanipigia simu. Mashine imekwama Isinya. Injini inakohoa. Nikamuuliza itapona lini, akasema tumwachie Mungu.

Nikachukua kishindilio cha mkono, ule mkebe wa rangi uliojazwa zege na bomba katikati. Nikapiga. Nikapiga. Baada ya saa moja nilikuwa nimemaliza sehemu ya kutosha kuweka sufuria, na mikono yangu ilikuwa imekuwa ugali.

Hapo ndipo alipita Mama Naserian na kondoo wake. Ni mama wa Kimaasai ambaye boma lake liko nyuma ya hizi ploti, na bado huchunga katikati ya nyumba zetu kana kwamba nyumba ndizo zimepotea njia. Nikamsalimia kwa Kimaasai, akaitikia.

"Takwenya, yeyo."

"Iko."

Akaniangalia nikipiga. Akaangalia njia yote yenye ilikuwa imebaki. Akauliza kama ninachimbia mtu kisima. Nilipomweleza, akacheka, akaniambia nikaangalie sakafu ya boma lake: hakuna mashine ilipita hapo, ni kwato tu, na jembe likiigonga linalia. Kwato ya kondoo ni ndogo, akasema, na kondoo ni mzito, kwa hivyo inaingia chini inabana. Wapitishwe mara tatu wakiwa wamejipanga, murram ikiwa na unyevu kidogo, halafu watolewe.

Nikaona nuru. Nikamwagia maji. Mama Naserian akatangulia, kondoo thelathini na saba wakafuata, tip tip tip tip, kutoka getini mpaka kwa kona. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu. Nikapitisha ubao wa kusawazisha. Nikakanyaga na kisigino kwa nguvu zangu zote.

Hakuna alama. Ngumu kama lami. Nilitaka kumbusu kila kondoo.

Kutoka kwa kona mpaka barazani kulikuwa bado. Mama Naserian akasema anakimbia dukani kuchukua sukari, niwapitishe mimi vile vile, mara tatu, wasisimame. Akarudia: wasisimame. Nikamwambia aende bila wasiwasi. Kwani kuongoza kondoo kuna shule?

Kuna shule.

Mama Naserian alipotoka tu, wale kondoo wakaniangalia wakajua mimi si mtu. Walifika barazani mara moja, wakaona sukuma wiki ya Mama Ayub upande wa pili, wakavunja mstari. Nikawabembeleza. Nikawaimbia. Kuwachapa siwezi, mmoja alikuwa na mtoto na alikuwa ananiangalia kama shangazi yangu. Saa nane na nusu. Na ndipo kichwa changu, kile kilichoachia kidato cha pili, kikaleta wazo.

Chumvi.

Mnyama anapenda chumvi. Nikiimwaga barazani, kondoo watabaki barazani. Wakibaki, watakanyaga. Wakikanyaga, itashikana. (Someni tena hiyo hesabu. Mnaona kosa? Mimi sikuliona.) Nikaruka kwa duka la agroveti ng'ambo ya barabara, nikarudi na chumvi ya mifugo mfuko mzima. Nikanyunyiza baraza yote kama mtu anayepanda mbegu za wimbi. Iliyobaki nikatia kwa mifuko ya ovaroli, akiba.

Wakaja wote thelathini na saba. Sukuma wiki wakaisahau. Nikasimama kando nimeshika kiuno, nikaanza kufikiria lori. Lori la kampuni, na picha ya kondoo kwa mlango.

Halafu nikasikia kelele fulani, kama watu wengi wanapiga msasa mbao. Nikainama kuangalia. Kondoo akiramba, harambi chumvi peke yake. Anaramba na murram. Akimaliza ya juu anaparua na kwato apate ya chini. Pale nilipokuwa nimemwaga kwa ukarimu kulikuwa na shimo la kutosha bakuli. Kando yake lingine. Na lingine. Baraza niliyoipima kwa siku tatu ilikuwa inageuka trei ya mayai mbele ya macho yangu.

Nikapiga makofi. Hakuna aliyeinua kichwa. Nikavuta mmoja mguu, akavuta wake. Nikaingia katikati nikasukuma dume kubwa na mgongo, na hilo dume likageuka, likanusa ovaroli yangu.

Mifuko. Ile akiba.

Sijui nilianguka vipi. Najua nilikuwa nimesimama, halafu nilikuwa naona mawingu. Dume liko kwa mfuko wa kulia, wawili wako kwa wa kushoto, mwingine ananiramba jasho la uso kwa ulimi kama kikunio cha nazi, na yule mwenye mtoto amesimama juu ya nywele zangu. Nilikuwa nacheka na kulia pamoja.

Krrrrr.

Gari lilikuwa limefika mapema. Nikasikia milango. Nikasikia magurudumu yakija kwa njia, taratibu, bila kukwama, mpaka kwa kona. Yakasimama. Nikageuza kichwa. Mama Ayub, na gauni yake nzuri ya kanisa. Mbele yake Kukhu kwa kiti chake, mikono bado iko kwa magurudumu, bakora mapajani.

Kukhu alituelekezea bakora. Halafu akauliza bila haraka:

"Huyu ndiye injinia uliniambia?"

"Ndiye, mama," Mama Ayub akasema, kwa sauti ndogo.

"Na hawa wengine?"

Mama Ayub akaniangalia mimi. Ikabidi nijibu mimi, kutoka chini.

"Ni wa kushindilia, Kukhu."

"Unawalipa nini?"

"Chumvi."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu ameelezwa bei ya unga.

Mama Naserian ndiye aliniokoa. Alitokea na sukari yake, akapiga mluzi mmoja, mmoja tu, na thelathini na saba wote wakainua vichwa, wakaniacha, wakajipanga nyuma yake kama wanafunzi wa bweni. Alipogundua ile nyeupe ni nini akanigeukia. Akasema chumvi huwekwa mahali unataka mnyama arudi. Sasa watarudi hapa kesho, na kesho kutwa, na wajukuu wao. Na kwa sababu nimewalisha mfuko mzima, wako na kiu, kwa hivyo nianze kuchota maji. Nikachota. Ndoo kumi na moja. Hakuna mtu aliyenisaidia, na ilikuwa haki.

Niliporudi na ndoo ya mwisho, Mama Ayub alikuwa ananingoja kwa kona. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Uliniahidi." Heri angenichapa na ile bakora.

Lakini Kukhu alikuwa amesema lazima ajaribu. Akashika magurudumu, akasukuma. Sisi tukamfuata nyuma. Jua lilikuwa pale mwisho wa baraza, hatua sita. Shimo la kwanza akalikwepa. La pili akalikwepa. La tatu likameza gurudumu dogo la mbele, kiti kikainama upande. Mimi na Mama Ayub tukaruka. Kukhu akainua mkono.

"Asinibebe mtu."

Tukasimama. Yeye akainama, akadunga shimo na bakora. Akachukua murram kidogo, akaisugua kwa vidole. Akageuza shingo akaangalia njia yenye ametoka nayo, ile ya kutoka getini. Akaniuliza kama ile nayo ni kazi ya kondoo. Nikasema ndiyo. Akauliza kama niliimwagia maji kwanza. Nikasema ndiyo. Akanieleza kwamba yeye amepiga sakafu za nyumba za udongo tangu akiwa msichana, wanawake kumi na magongo, wakipiga kwa wimbo, na anajua sakafu imeshikana akiisikia tu.

"Kondoo wako walifanya kazi nzuri," akasema. "Ni wewe uliharibu."

Nikasema pole, Kukhu. Nilisema hivyo kama mara sita. Machozi yalikuwa yanapita kwa mate ya kondoo.

Akamgeukia binti yake. "Mama Ayub, toa miche yangu ya mboga ya murenda kwa gari. Itanyauka."

Mama Ayub akabaki amesimama. Akauliza polepole, kama mtu anaogopa jibu, miche itolewe ama tunarudi Webuye?

"Nirudi Webuye na huyu atasimamiwa na nani?"

Mama Ayub akakimbilia gari na viatu vya kisigino. Sijawahi kuona mwalimu akikimbia hivyo.

Basi nikasimamiwa. Kukhu alijitoa mwenyewe kwa shimo, akarudi mwanzo wa baraza, akanielekeza na bakora. Kwangua yote yenye chumvi. (Mama Naserian akaibeba kwa magunia, kondoo wakarambe nyumbani kwao kama watu wenye heshima.) Jaza mpya. Nyunyiza, usimwage. Piga. Hapo bado. Hapo pia bado. Akaanza kuimba wimbo wa kupigia sakafu, mimi sijui Kiluhya lakini mkebe wangu ulikuwa unaelewa. Mama Ayub akavua viatu akaja kupiga kwa mguu. Mikono ikasahau kuwa ugali.

Saa kumi na moja na nusu Kukhu akasema nyamazeni. Akagonga chini na bakora, akasikiliza. Akashika magurudumu. Hatua sita. Jua lilikuwa limebaki ukanda mwembamba kando ya ua, akaingia ndani yake, akafunga breki, akafunga macho. Alikaa tu, mikono mapajani, uso umeelekea juu. Mama Ayub alishika mkono wangu uliojaa murram akaufinya mpaka ukauma.

Sasa wameingia kunywa chai. Nimewaambia nakuja, nakusanya vifaa.

Uongo. Nilibaki nikifikiria maneno ya Mama Naserian, kwamba punje moja ikibaki, kesho asubuhi thelathini na saba wako hapa. Macho hayaoni chumvi kwa murram. Kondoo wa kuuliza wameshaenda. Nikaangalia kushoto. Nikaangalia juu, ghorofa ya tatu, pazia limefungwa. Nikapiga magoti barazani, nikainama, nikaramba.

Iko sawa, haina chumvi. Lakini tafadhali, mtu asiniulize najuaje.